Mgonjwa wa Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 2 Desemba

Joto limeanza. Leo bati la studio limelia mapema, ta, ta, ta, kama kuna mtu anatembea juu. Shangazi kasema harusi nazo zimeanza, tujifunge kibwebwe. Watu wanapenda kuoana wakati wa jua ili mvua isiwaharibie nguo. Hawajui wanamuumiza nani.

Naandika kwenye hili daftari kwa sababu kuongea mbele za watu siwezi. Maneno yananijaa kifuani, nikifungua mdomo yanakimbia. Shule niliishia la tano. Mwandiko wangu ni kama kuku kapita, ila mwenyewe nausoma.

Studio ni ya Shangazi, dada yake baba. Chumba cha mbele wanapigwa picha za pasipoti. Chumba cha nyuma kuna kompyuta, ndipo tunapokata video za harusi na kuziunga. Ile kazi ya mwisho, kompyuta inapokusanya vipande vyote kuwa video moja, sisi tunaita kupika. Na kompyuta yenyewe tunaiita Mgonjwa, maana ina homa haiishi. Pembeni ya skrini kuna namba zinazoonyesha joto la prosesa, ule ubongo wake. Ikiwa imetulia tu ni digrii sitini na kitu. Ikipika inapanda mpaka tisini. Ikifika mia inajizima yenyewe, puu, na kila kilichopikwa kinapotea, unaanza upya.

Anayeiuguza ni mimi. Ubavu wa kasha lake nimeutoa, iko tumbo wazi. Feni ya kusimama nimeielekeza mlemle ndani. Nimeiinua juu ya matofali mawili ipate hewa chini. Vumbi nalifuta kwa brashi ya rangi. Na napika alfajiri, kabla jua halijalamba bati. Bila mimi hapa hakuna harusi inayotoka.

Fundi wa nguo wa mlango wa pili, binti tunayemwita Jirani, kachungulia akasema, "Daktari, mgonjwa kaamkaje?"

Jibu zuri nilikuwa nalo. Nikasema, "Mm."

Alhamisi, 5 Desemba

Harusi moja imetoka. Joto halikuvuka tisini na mbili. Shangazi kasema, "Mwanangu, wewe mashine inakusikiliza." Nimekula vizuri leo.

Jumatatu, 9 Desemba

Amekuja mtu.

Ni mtoto wa wifi yake Shangazi, yaani marehemu mume wa Shangazi alikuwa mjomba wake. Katoka chuo cha kompyuta. Ana miwani ya fremu nyeusi, nami simwiti jina lake, namwita Miwani, humu kwenye daftari tu. Kaja na begi moja mgongoni na suruali imepigwa pasi mpaka inakata.

Kamwita Shangazi "Mama". Nikashtuka. Mimi wa damu namwita Shangazi, huyu wa kuunganisha anamwita Mama.

Shangazi kamkaribisha kiti cha wageni. Viti vya Shangazi vyote viko ndani ya nailoni ya dukani, tangu vinunuliwe. Rimoti iko ndani ya nailoni. Friji mlango wake una nailoni, na maandishi ya dukani bado yapo. Shangazi anasema kitu ukikibandua nailoni umeanza kukizeesha. Miwani alipoinuka, suruali ikashikana na nailoni ikalia krrr, mimi nikacheka kimoyomoyo. Yeye akacheka kwa sauti, Shangazi naye akacheka. Hata kicheko kaninyang'anya.

Kisha Shangazi katuweka wote wawili chini. "Msimu huu kazi ni nyingi, nyote nawahitaji. Mvua zikianza, harusi zinaisha. Kiti cha kompyuta ni kimoja. Atakayekaa nacho ni yule ambaye mashine inamtii. Mwingine tutaongea."

Mimi najua maana ya tutaongea. Maana yake narudi kwa kaka kufyatua matofali.

Jumanne, 10 Desemba

Kakaa kwenye kiti. Kiti kile mgongo wake umeshalala upande wangu. Yeye kakirekebisha.

Jumamosi, 14 Desemba

Miwani kaniuliza, "Ndugu, huu ubavu nani kautoa?"

Nikasema, "Mimi."

"Kwa nini?"

"Ipate hewa."

Akasema kwa upole, na upole wake ndio unaoniudhi, kwamba kasha likifungwa hewa inaingia mbele na kutoka nyuma, inapita kila kitu. Likiwa wazi hewa inazurura tu, vumbi linajaa. Nikasema moyoni, funga uone, itakufia mikononi.

Kafunga. Kageuza na kale kafeni ka nyuma, kumbe kalikuwa kanavuta ndani badala ya kusukuma nje. Nikasimama mlangoni naombea namba zipande.

Zikashuka. Si sana, digrii nne, tano. Lakini zilishuka.

Shangazi kapiga makofi. Jirani aliyekuja kuchaji simu naye akapiga makofi. "Haya, Daktari, umepata daktari mkuu." Wote wakacheka. Nami nikacheka, maana mtu asipocheka wanamwangalia.

Jumapili, 15 Desemba

Kichwa kinaniuma.

Alhamisi, 19 Desemba

Nimemchunguza Miwani nione kasoro yake. Nimeipata moja, anaacha vikombe vya chai juu ya kasha la kompyuta. Nyingine, anapiga chafya mfululizo kama paka. Nyingine bado natafuta.

Jirani siku hizi hakai sana mlangoni kwetu upande wangu. Anaenda kusimama nyuma ya kiti cha Miwani anaangalia harusi za watu. "Huyo bibi harusi kashonewa vibaya, ona mkono ule." Miwani anamrudishia palepale aone tena. Mimi nilikuwa namrudishia vilevile, ila mimi nilikuwa sisemi kitu. Yeye anasema, "Ungemshonea wewe angetembea hivi?" na Jirani anampiga kibao cha bega.

Kibao kile nimekihesabu mimi.

Jumatatu, 23 Desemba

Jua kali mno. Mgonjwa kafika mia, kajizima. Miwani alikuwa kwenye kiti. Nilijisikia vizuri, kisha nikajisikia vibaya, kisha nikajisikia vizuri tena.

Ijumaa, 27 Desemba

Miwani kaingia kwenye mambo ya ndani ya kompyuta kwa kibodi tu, bila bisibisi, kaipunguzia mbio. Sasa inapika taratibu na joto halivuki themanini na tano. Ila video iliyokuwa inapikwa asubuhi moja sasa inakula kutwa nzima. Wateja wanakuja, wanakaa kwenye nailoni, wananata, wananuna.

Shangazi kasema, "Kijana, umeipoza au umeilaza?"

Kamwita kijana. Mimi ananiita mwanangu. Jambo hilo nimelala nalo kama shuka mpya.

Jumatano, 1 Januari

Hakuna kazi. Nimefua.

Jumamosi, 4 Januari

Leo nusura nipigane, mimi ambaye sijawahi hata kumjibu mtu.

Miwani kasema mbele ya Shangazi, "Mama, mimi nadhani tatizo ni kule kwenye prosesa kwenyewe. Ile feni na chuma chake tuing'oe tuangalie. Kwa kawaida mashine ya namna hii ikitulia inatakiwa iwe arobaini, sio sitini. Kuna kitu hakigusani vizuri."

Ile feni na chuma chake nilifunga mimi mwaka jana. Ya zamani ilikufa, fundi wa simu wa kule kona alikuwa kasafiri, Shangazi akanunua mpya akaniambia, "Hebu jaribu mwanangu, una mkono mtulivu." Nikaifunga. Kompyuta ikawaka. Shangazi akawaambia watu wote wa mtaa huu, hata muuza maji kaambiwa. Ile ndiyo siku niliyotoka kwenye kufagia nikaingia chumba cha nyuma.

Nikasema, "Iko sawa."

Miwani akasema, "Sisemi iko vibaya, nasema tuangalie."

"Nimeifunga mimi. Iko sawa."

Sauti ilinitoka kubwa mpaka mimi mwenyewe nikageuka kuangalia nani kasema. Shangazi akaweka miwani yake ya kusomea chini. Akasema, "Hiyo kaifunga mwanangu, mimi nimesimama hapa hapa. Isiguswe."

Basi. Miwani akainua mikono kama mtu aliyeonyeshwa bunduki. Nimeshinda. Jioni nikapita dukani kwa Jirani makusudi, ila alikuwa na pini mdomoni, hakuongea.

Jumanne, 14 Januari

Wateja wamenuna mpaka Miwani kairudishia nusu ya mbio zake. Tisini na nne. Tisini na tisa. Mia. Kajizima. Upya.

Jumanne, 21 Januari

Kaka kanipigia simu. Kasema matofali yanauzika msimu huu, na yule aliyekuwa akimsaidia kaacha. "Shangazi akikuchoka, njoo." Nikasema sawa. Mgongo umeniuma palepale, kabla hata ya kuinama.

Jumatatu, 3 Februari

Kaka yake Jirani kaoa juzi. Harusi kubwa, mtaa mzima ulikuwepo. Miwani ndiye aliyepiga video. Mimi nilishika taa. Kazi ya kushika taa ni kwamba wewe huonekani popote, ila kila mtu anaonekana kwa sababu yako. Jirani alivaa gauni aliloshona mwenyewe, rangi ya zambarau, na kila alipopita mbele ya kamera alikuwa anamtolea Miwani ulimi. Mimi nilikuwa nyuma ya mwanga. Hata angenitolea mimi nisingejua.

Bwana harusi anaondoka Ijumaa ya wiki ijayo, kapata kazi melini, atakaa huko muda mrefu. Mama yake kaja leo studio, kamshika Shangazi mikono yote miwili.

"Mama mwenzangu, nataka tuitazame wote tukiwa tumekaa naye, kabla hajaondoka. Akishaondoka itakuwa kama namtazama mgeni."

Shangazi kasema, "Alhamisi ya wiki ijayo ipo tayari." Kisha katugeukia. "Mmesikia. Kiti kitaamuliwa hapa hapa."

Jumatano, 5 Februari

Naandika hili haraka, tuone kama kesho nitausoma mwandiko.

Leo Miwani kaenda kwa mama yake Jirani kuchukua picha za zamani za kuweka mwanzo wa video. Shangazi alikuwa mbele na mteja. Mimi nikabaki na Mgonjwa.

Nilikuwa nimeshapanga tangu usiku. Ile feni na chuma chake inashikwa na pini nne. Nikasema nitalegeza moja tu. Moja. Chuma kiinuke kidogo upande mmoja, joto lipande, kompyuta imzimikie Miwani wakati anapika. Sio kuharibu. Kumzimikia tu, mara mbili tatu, Shangazi aone.

Nikaizima, nikafungua ubavu, nikabonyeza pini. Kumbe pini zile zimeshachoka na joto. Nilipogusa moja, nyingine zote zikaruka, chuma chote kikanijia mkononi.

Nikakigeuza.

Chini yake, pale panapotakiwa kugusana na prosesa, kuna nailoni.

Nailoni ile ya dukani. Nyembamba, imekuwa kahawia, imekunjamana kama ngozi ya maziwa, na ile dawa nyeupe ya kupitisha joto iko juu yake, imepakwa vizuri, na mimi. Ina maandishi mekundu ya Kiingereza ambayo sikuweza kuyasoma mwaka jana na leo pia siwezi, ila leo sikuhitaji kusomewa.

Nikakumbuka ile siku. Nilikuwa nimeshaishika pembe ya nailoni niibandue. Shangazi alikuwa kasimama hapo mlangoni. Akasema, "Weee, acha hapo. Chuma kipya hicho kinang'aa, kitachubuka." Nikaacha. Nani angebandua nailoni mbele ya Shangazi?

Nikakaa chini. Mwaka mzima. Feni ya kusimama, matofali, brashi, kuamka alfajiri, Daktari, mwanangu mashine inakusikiliza. Prosesa ilikuwa inaungua ndani ya nailoni, na mimi nimekaa pembeni naipepea.

Nitaandika na kilichofuata, kwa sababu daftari ni langu. Ningeweza kuibandua palepale. Ni kuvuta tu. Nikafikiria: nikiibandua, Mgonjwa anapona. Akipona, nani atahitaji muuguzi? Mashine nzima, isiyo na homa, atakaa nayo aliyesoma. Na Miwani ndiye atakayeonekana kaiponya, maana yeye ndiye alikuwa kwenye kiti.

Nikarudisha chuma na nailoni yake. Nikabonyeza pini zote. Nikafunga ubavu. Miwani akarudi na picha kwenye bahasha, akaniambia, "Ndugu, umesafisha? Asante."

Jumatatu, 10 Februari

Imekuwa mbaya kuliko nilivyopanga. Ile dawa nyeupe nadhani ikishainuliwa hairudi kama ilivyokuwa. Sasa ikitulia tu ni sabini na tano. Ukifungua video inapiga tisini.

Miwani hajaelewa. Anazunguka kasha kama mtu aliyepoteza mbuzi.

Jumatano, 12 Februari

Imejizima asubuhi. Imejizima tena. Imejizima mara ya tatu, mama yake Jirani akiwa ameketi kwenye nailoni anasubiri aonyeshwe hata kipande.

Shangazi hakupiga kelele. Kasema taratibu, ndivyo anavyosema akiwa amekasirika kweli. "Kijana, kabla hujaja ilikuwa inapanda lakini kazi inatoka. Sasa hata kupanda haipandi, inakufa. Umeifanya nini?"

"Mama, mimi sijui."

"Chuo kizima na hujui."

Mama yake Jirani kasema, "Msimgombeze mtoto wa watu kwa ajili yangu." Kisha akaondoka bila kuaga vizuri. Jirani alikuwa mlangoni. Safari hii hakumwita mtu daktari.

Nilichokuwa nakitaka msimu mzima nimekipata leo, kabla ya saa sita.

Mchana nikaenda kunawa nyuma ya studio. Miwani kakaa kwenye ngazi, kavua miwani. Bila miwani ana sura ya mtoto aliyeamshwa. Nikataka kurudi, akasema, "Kaa."

Nikakaa, ngazi ya chini.

Akasema, "Jumamosi naondoka. Nitamwambia mwenyewe, asihangaike kutafuta maneno."

Nikasema, "Mm."

"Unajua mimi nilikuwa nakuonea wivu?"

Nikamwangalia nione kama ananitania.

"Mimi namwita Mama kutwa, yeye ananiita kijana. Wewe humwiti chochote, hata salamu hutoi vizuri, anakuita mwanangu. Ukipiga chafya anaacha mteja anakuja kukuangalia. Mimi nimepiga chafya msimu mzima." Akafuta miwani kwa shati. "Na ile siku ya feni. Isiguswe, kaifunga mwanangu. Mimi hakuna mtu amewahi kusema hivyo kuhusu kitu nilichofunga. Nyumbani kwetu nikifunga balbu wanaita fundi ahakikishe."

Sikucheka. Yeye alicheka kidogo.

"Basi nikawa najitutumua. Nilitaka namba zishuke mpaka aniite jina. Zikagoma. Mashine ni yako, ndugu. Nifundishe tu ulivyokuwa unafanya, angalau kesho video ya watu itoke."

Nilijua cha kumfundisha. Feni hapa, matofali hapa, alfajiri. Na nilijua isingetoka.

Nilikaa pale mpaka jua likahama ngazi. Nilikuwa namtafutia ile kasoro ya tatu. Nikainuka. Nikasema, "Ing'oe ile feni."

"Mama kasema isiguswe."

"Mimi ndiye niliyesema kwanza. Sasa nasema ing'oe."

Shangazi alikuwa kaenda kuwabembeleza akina mama yake Jirani. Miwani akafungua ubavu, akabonyeza pini, akainua. Akageuza chuma kwenye mwanga wa dirisha.

"Nailoni," akasema.

Mimi nikaizima feni ya kusimama.

Akasogeza chuma karibu na macho. Akapitisha kidole kwenye ile dawa nyeupe. Ya pembeni imekauka kama chokaa. Ya katikati ina alama mbichi, imechotwa na kurudishwa pabaya. Fundi wa kitu chochote angeona. Akasema, "Hii imefunguliwa juzi juzi."

Akaniangalia. Nikaangalia matofali.

Nilingoja. Nilishaanza kufikiria basi la kwenda kwa kaka linaondoka saa ngapi. Yeye akavaa miwani, akaitengeneza juu ya pua, akasema, "Lete kitambaa kisafi. Na mimi nimebaki na dawa kidogo kwenye begi."

Nikabandua mimi. Ilitoka na sauti ndogo sana, hata haikustahili. Akanionyesha dawa inavyotiwa: tone dogo katikati, ukubwa wa punje ya mchele, sio kupaka kama siagi. Nikabonyeza pini, yeye akashika kasha. Tukawasha.

Thelathini na tisa.

Nilidhani programu imeharibika. Akarudisha mbio zote alizokuwa amezipunguza, akaanza kupika harusi, saa nane mchana, bati linalia juu yetu, feni ya kusimama imezimwa. Hamsini. Hamsini na sita. Sitini na moja. Ikakaa hapo. Haikwenda popote. Mashine ilikuwa kimya kama haina shida na mtu.

Mwenzangu alikuwa anapiga ngumi mkononi mwake kwa furaha. Mimi niliikodolea macho ile sitini na moja, nikaionea wivu mashine yenyewe. Imepona, na haikunihitaji hata kidogo.

Alhamisi, 13 Februari

Mama yake Jirani kaja na watoto wake wote, na bwana harusi, na bibi harusi, na viti havikutosha. Video ipo tayari tangu jana jioni. Wameitazama hapa hapa. Mama alilia mahali ambapo hata si pa kulia, pale mwanae anapofunga kamba ya kiatu. Bwana harusi akasema, "Mama, basi," akamkumbatia, na nailoni ya kiti ikapiga kelele, watu wakacheka huku wanafuta machozi.

Walipoondoka, Shangazi akafunga mlango. Akaangalia namba kwenye skrini. Arobaini na moja.

"Nani kaiponya?"

Miwani akasema, "Tumefungua wote wawili."

"Nilisema isiguswe. Mlikuta nini?"

Miwani akaniangalia. Nikajua ananiachia. Angeweza kusema mwenyewe, na jina lake lingeitwa leo. Nikatoa ile nailoni mfukoni, nikaiweka juu ya meza.

Shangazi akaichukua kwa vidole viwili. Akayasoma yale maandishi mekundu, yeye anasoma. Akaigeuza. Akayasoma tena. Uso wake ukabadilika mara kadhaa.

"Hii ilikuwa chini ya chuma?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Tangu ile siku?"

"Ndiyo."

Akakumbuka. Nilimwona anakumbuka. Mimi nikainamisha kichwa ili asione kwamba nimeona. Tukasubiri, mimi na Miwani, tumesimama kama watu waliovunja sahani.

Shangazi akaiweka ile nailoni mezani, akainyoosha kwa kiganja. Akasema, "Lakini chuma kisingechubuka? Kingechubuka."

Miwani akatoa mlio puani. Nikajitahidi. Nikaangalia bati. Kisha na mimi nikapasuka, nikacheka mpaka nikashika kiti, na yeye kainama kashika magoti, miwani imeanguka. Shangazi akasema, "Cheka tu, wajinga wakubwa. Kitu cha watu kimetunzwa mwaka mzima hakina hata mkwaruzo." Akatoka. Tukamsikia huko mbele naye anacheka peke yake, kwa siri.

Jumamosi, 15 Februari

Miwani hakuondoka. Hakusema kwa nini hakuondoka, na kuhusu ile dawa iliyochotwa hajasema neno, si kwangu, si kwa Shangazi. Ningependa aseme. Nikimkuta yuko kimya nahisi ndilo analowaza, kumbe anatafuta kalamu.

Alhamisi, 27 Februari

Tisini hatujaiona tena.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza. Imeanguka juu ya bati mpaka wateja wanaongea kwa mikono.

Shangazi katuita. Akasema, "Kijana." Kisha akajirudi, akamwita jina lake, lile la kweli, alilopewa na mama yake. Akamwambia kiti ni chake. Yule mtu masikio yalibadilika rangi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo tangu ile thelathini na tisa, lakini kujiandaa hakukusaidia chochote, iliniingia kama mwiba.

Kisha akanigeukia. "Na wewe huendi kwenye matofali. Unakaa mbele. Utapiga picha za pasipoti."

"Shangazi, mbele kuna watu."

"Ndiyo. Studio ina tabia hiyo."

Jumatano, 12 Machi

Leo nimepiga picha za watu saba. Mtu lazima umwambie: inua kidevu, angalia hapa, usicheke. Wa kwanza nilimwambia kwa mkono. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuwa mzee asiyesikia mkono, nikalazimika kusema. "Baba, inua kidevu." Akainua. Kidevu cha mtu mzima kinainuka kwa sababu mimi nimesema.

Jirani kaja kuchaji simu. Kasimama, akaangalia chumba cha nyuma, akaniangalia mimi. "Kumbe una sauti nene hivyo? Ulikuwa unaificha wapi?"

Nikasema, "Mm." Baadaye, alipokuwa ameshapita kwenda chumba cha nyuma, nikapata jibu.

Kisha nikamsikia anacheka na yule wa nyuma, kupitia ukuta, juu ya mvua. Wivu ukanipanda palepale, mzima, haujakonda hata kidogo. Nilidhani ungeisha ile siku tuliyocheka. Haukuisha.

Jioni Miwani akaniita kutoka kule ndani. "Ndugu, njoo mara moja."

Nikakataa kusikia. Mvua ilikuwa kisingizio kizuri.

Akaita tena. Nikaenda mpaka mlangoni, nikasimama kwenye kizingiti, mguu mmoja huku, mmoja kule. Kwenye skrini kuna bibi harusi na baba yake wanatembea.

"Nikate hapa, au niache mpaka wafike kitini?" akauliza. "Mimi naona nikate. Lakini wewe huwa unaona vitu."

Nikaangalia. Yule baba alikuwa anahesabu hatua, midomo inacheza, anaogopa kukosea mbele za watu. Mtu anayeogopa namtambua hata kwa mbali.

"Acha," nikasema. "Mpaka akae."

Akaacha. Tukamtazama yule baba mpaka akafika, akakaa, akashusha pumzi. Nilikuwa nimeshatoka mlangoni, nimefika kwenye kamera yangu, ndipo nikagundua kwamba sikuangalia ilikuwa digrii ngapi.